Mafurungu ya Dhahabu

Shilingi zilipozamishwa, maji yalikuwa maji tu. Nusu saa baadaye yalikuwa na rangi ya mchuzi wa mchicha, na Faki alikuwa akisugua viganja kwa furaha.

"Yaiva," akasema. "Waona, Dhahabu? Ndiyo fedha yenyewe hiyo yatoka."

Dhahabu, mkewe, alisimama mlangoni na ungo wa mchele, akatazama meza yake ilivyofanywa. Betri ya gari ilikuwa imekaa juu ya kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Nyaya mbili zilitoka kwenye betri, zikabanwa kwa vibanio vya nguo, zikashika shilingi mbili za mfalme aliyekufa zamani, zikaingia kwenye gilasi. Na gilasi yenyewe ilikuwa ile ya wageni, moja iliyosalia katika sita. Betri angeweza kuisamehe. Gilasi hakuisamehe.

"Na hayo yatanywewa na nani?"

"Na mimi, na wewe, na mama. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ugonjwa wa tumbo utatupita mlangoni."

Mwaka ule wa sitini na moja mvua ilianza Oktoba ikasahau kuacha. Vyoo vya Likoni vilijaa, maji ya njiani yakaingia visimani, na watu wazima wenye heshima zao wakawa wanakimbilia vichakani na kopo mkononi bila hata kusalimiana. Mjini ng'ambo walikuwa wakisema Uhuru waja. Likoni walikuwa wakiomba usije siku ambayo wamechutama. Bwana afya alipita nyumba kwa nyumba na ndoo ya unga mweupe, akitia dawa visimani na kuwaambia watu wachemshe maji ya kunywa. Alipofika kwa Dhahabu alipata jibu lake.

"Kisima hiki tulikichimba mimi na mume wangu," alimwambia, kajishika kiuno. "Mchanga wake niliubeba kwa kichwa changu hiki, na mimba juu. Mtaa mzima wanywa hapa kwa kuwa vyao ni chumvi. Hiyo dawa yako katie chooni kwako!"

Bwana afya akaandika kitu kwenye daftari, akaenda zake.

Habari ya kuchemsha, aliyeikataa ni Faki. Kuni zote zilikuwa zimelowa, na kupuliza moto saa nzima upate maji ya moto, kisha ungoje saa nyingine yapoe, aliona ni kazi ya mtu asiye na akili. Yeye akili alikuwa nazo. Alifanya kazi kwenye kibanda cha kuchaji betri karibu na kivuko, ambako madereva wa malori na wenye redio huleta betri zao zikiwa maiti na kuzichukua zikiwa hai, na kazi kama hiyo humfanya mtu ajione yu karibu na siri za dunia. Mwenzake kazini, Mtaita mpole aliyeitwa Phineas, alimsimulia kwamba kuna fundi wa meli aliyekuwa akijitengenezea maji ya fedha: vipande viwili vya fedha, betri, na maji ya betri. Phineas alisimulia kama kichekesho. Faki alisikiliza kama mtu anayesomewa wasia.

Siku ile ile alirudi nyumbani na chupa ya maji ya betri. Sasa, pale kibandani maji ya betri yalikuwa ya aina mbili, na zote mbili jina lao ni hilo hilo: yale masafi yasiyo na kitu, na yale makali yanayokula chuma. Faki aliyatofautisha kwa chupa, na siku ile mtu alikuwa amezibadilisha chupa mahali. Tone moja lilidondoka kwenye kikoi chake alipokuwa akionyesha, moshi ukafuka, na tundu likatokea mbele, mahali ambapo mwanamume hapendi tundu. Dhahabu alilitia kiraka chekundu, kwani kitambaa kingine hakikuwepo. Ndipo Faki akaona heri atumie maji ya kisimani, na ndiyo hayo yaliyokuwa gilasini sasa, kijani kibichi.

*

Phineas alifika alasiri kumjulia hali mwenzake. Alipoiona gilasi akainama, akanusa, akatikisa kichwa.

"Bwana Faki, hii usinywe. Hii ni shaba."

"Shaba gani? Ni shilingi."

"Shilingi ya zamani ina fedha robo tu. Kilichobaki ni shaba na takataka. Mkondo wa betri unaitoa shaba, maji yanakuwa kijani, ukinywa unatapika mpaka unaomba kufa. Fedha tupu haitoi kijani. Mimi nakwambia achana nayo, chemsha maji."

Kwenye kitanda cha kamba barazani, mama yake Faki, Bi Mwanatatu, alikuwa amejilaza na tasbihi. Umri ulikuwa umemnyang'anya meno na sehemu ya macho, lakini masikio ulimwachia yote mawili.

"Fedha tupu?" akauliza, akainuka. "Katika nyumba hii fedha tupu yatafutwa kwenye shilingi za Serikali? Na minazi yangu kumi na miwili iko wapi?"

Dhahabu aliyasikia hayo akasimamisha ungo hewani.

Kisa cha minazi kumi na miwili Likoni nzima walikijua, kwa kuwa Bi Mwanatatu hakuwahi kuhudhuria harusi bila kukisimulia. Faki alipotaka kuoa, miaka ishirini na miwili nyuma, mamake aliuza minazi yake kumi na miwili, minazi yote aliyokuwa nayo, akamnunulia mkwe wake mahari ya mafurungu mawili ya fedha tupu, mazito, ya kuvaliwa miguuni, kutoka kwa mchuuzi aliyeapa kwa watoto wake saba. "Minazi yangu iko miguuni mwa Dhahabu," alikuwa akisema, na wanawake husema mashallah.

Alilokuwa hajui Bi Mwanatatu ni hili. Mwaka ambao Mwidani, mtoto wao wa kwanza, aliugua surua, na Faki hana kazi, Dhahabu aliyafunga mafurungu kwenye kanga akavuka nayo kwenda mjini kwa sonara kuyaweka rehani. Sonara aliyakwaruza kwa tupa upande wa ndani, akayarudisha juu ya meza kwa kidole kimoja. "Mama, hii imepakwa tu. Ndani shaba." Dhahabu alirudi nayo nyumbani, akauza cherehani yake, mtoto akapona, akawa sasa ni mtu mzima mwenye kazi Ramisi kwenye miwa. Mafurungu akayatia chini ya kasha akalifunga. Miaka kumi na mitano hakuyavaa, akisingizia uzito, na hakumwambia mtu. Angeanzaje? Kikongwe ameuza minazi yote aliyoachiwa na babake, umwambie amenunua birika la shaba?

"Hebu yalete, mwanangu," akasema Bi Mwanatatu, akitabasamu kwa ufizi. "Siku ya kufaa ndiyo hii."

"Abee, mama. Ila... ufunguo wa kasha umepotea."

"Si huo shingoni mwako?" akauliza Faki.

"Huu ni wa kabati."

"Kwani tuna kabati?"

Dhahabu akaufunika ufunguo kwa kanga. Bi Mwanatatu alimtazama kwa macho yake yaliyofifia, na lile tabasamu likazimika.

"Sikukuomba ya mamako, Dhahabu. Nimekuomba niliyotoa mimi. Tena si ya kuuza, ni ya kuoshea tumbo la mumeo. Wallahi sikujua kama nimemwoza mwanangu mchoyo."

Neno lile lilimchoma Dhahabu, machozi yakamlenga. Na upande wa pili wa ua wa makuti, jirani yao Kadzo, aliyekuwa akijifanya anaanua nguo katika mvua, alilisikia vizuri sana.

"Basi kesho," Dhahabu akasema. "Kesho inshallah nitayatoa."

*

Kadzo hakulala na habari. Kufikia mchana wa kesho yake, Jumapili, watu kama ishirini walikuwa wamejaa uani kwa Faki, wengi wao wakiwa wameelewa maji ya fedha kwa namna yao. Mzee Garama, muuza mkaa, alikuja na mfuko wa senti, akataka kujua zikitiwa mle ndani huzaa ngapi kwa siku.

"Hayazai, mzee," Faki alimwelewesha. "Fedha hii ni madini. Si fedha ya kutumia."

"Kuna fedha isiyo ya kutumia?" Garama akauliza, akakaa kungoja aone.

Faki alikuwa amevaa kikoi chake chenye kiraka chekundu, na kila alipogeuka kuhutubia upande mmoja, upande mwingine walicheka. Yeye alidhani wanafurahia elimu. Phineas alikuja na chupa mpya, safari hii ya maji masafi kweli, aliyoipima yeye mwenyewe kwa ulimi mbele ya Faki. Alikuja, alisema, si kwa kuwa anakubali, bali kwa kuwa mtu akiamua kufanya upuuzi ni afadhali aufanye na maji yanayofaa.

Dhahabu alimvuta kando.

"Kaka Phineas, nieleze. Fedha iliyo nzuri, ikitiwa kwenye maji mabaya, yaweza kutoa rangi?"

"Maji mabaya, Mama Mwidani, hutoa rangi yoyote yanayotaka. Kuna chumvi, kuna uchafu wa choo, huwezi kujua ni nini kimetoka wapi. Ndiyo maana nimeleta haya. Kwenye haya hakuna cha kusingizia."

"Hakuna cha kusingizia," Dhahabu akarudia.

"Hakuna kabisa."

"Nipe niyaweke kivulini."

Akaichukua ile chupa akazunguka nayo nyuma ya nyumba. Kisima chake kilikuwa pale, na ukingo wake alioupaka chokaa kila Ramadhani. Kila asubuhi ya Mungu wanawake walipanga ndoo pale na kumsifu, na yeye hujidai hasikii. Alisimama na chupa mkononi, na moyo ukamuuma kama anayetaka kuchinja mbuzi aliyemlea mwenyewe. Kisha akayamwaga maji ya Phineas kwenye shina la mpapai, akateremsha ndoo, akajaza chupa maji ya kisimani. Aliporudi uani alikuwa na chupa mkono mmoja na mafurungu mkono wa pili, na watu wakampisha.

Bi Mwanatatu aliletwa mbele na kiti chake. "Yatazameni!" akasema. "Minazi yangu kumi na miwili!"

Mafurungu hayakuingia gilasini yote, yakaingizwa nusu nusu, yakafungwa nyaya. Faki akasoma bismillahi, akaunganisha betri. Maji hayakungoja hata Garama amalize kukohoa. Vipovu vilichemka upande mmoja, na upande wa pili, pale palipokwaruzwa na tupa ya sonara, ukatoka ukungu wa kijani, ukashuka, ukaenea, gilasi ikawa mchuzi wa mchicha mzito kuliko ule wa jana.

Watu waliojua habari ya jana walitazama gilasi, wakamtazama Bi Mwanatatu.

"Shaba!" Kadzo akapiga kelele. "Ala! Si alisema yule Mtaita, kijani ni shaba? Minazi kumi na miwili, kumbe shaba!"

Mtu akacheka. Bi Mwanatatu akainama kitini, akaanza kuitafuta tasbihi iliyokuwa mkononi mwake. Dhahabu hakuwa amewahi kumwona mavyaa wake hivyo.

"Ni fedha!" Faki akanguruma. "Mamangu hakununua shaba! Ni fedha, na nitayanywa mbele ya macho yenu!" Akaichomoa gilasi kwenye nyaya.

"Usinywe!" Phineas akapayuka. "Bwana Faki, utakufa na kiraka chako!"

Gilasi ilikuwa imefika kwenye masharubu Dhahabu alipoipiga kofi. Ilipaa, ikazunguka, ikatua kwenye jiwe la kuchanjia kuni, na hivyo ndivyo ilivyokwisha ile ya sita. Maji ya kijani yalimwagikia mfuko wa Garama, naye akawahi kuuchungulia kama kuna kilichozaliwa.

"Si shaba!" Dhahabu akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Nisikilizeni nyote. Ni maji. Yale masafi niliyamwaga, nikatia ya kisimani kwangu. Nilitaka kuthibitisha kuwa kisima changu ni safi kuliko chupa ya mtu. Basi mmeona wenyewe. Kimeingia uchafu. Bwana afya aliniambia nikamtukana. Mafurungu ni fedha tupu. Kilichooza ni kisima changu."

Wote wakamgeukia Phineas. Phineas alimtazama Dhahabu, akayatazama mafurungu, akaitazama chupa. Alikuwa mtu wa kanisani na uongo haukumtoka kwa urahisi.

"Maji ya kisima," akasema polepole, "yanaweza kutoa rangi yoyote. Hilo nililisema mwenyewe."

"Tobaa!" Kadzo akatema mate, akajifuta ulimi kwa ncha ya leso. "Yaani hayo ndiyo tunayokunywa? Na vile ulivyokuwa ukitujidaia, Dhahabu! Mie hapa sitii ndoo tena." Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu ameshika tumbo lake, na mtu mmoja mwenye roho mbaya akaifunika ndoo ya kisimani kwa kipande cha gunia. Dhahabu alisimama akalitazama lile gunia.

*

Jioni Faki alikuwa amepiga magoti jikoni, anapuliza kuni mbichi, macho mekundu kuliko kiraka. Dhahabu alikuwa amemwambia maneno mawili tu, "chemsha maji," na jinsi alivyoyasema, Faki hakuuliza la pili. Wanawake wawili walikaa barazani. Mafurungu yalikuwa mapajani mwa Bi Mwanatatu, naye akiyapapasa kwa kidole gumba, upande wa ndani.

"Nimesugua mabirika ya shaba tangu nina miaka sita," akasema. "Kijani ile naijua, Dhahabu. Haitoki kisimani."

Dhahabu akachezea ncha ya mkeka.

"Na mkwaruzo huu ni wa tupa. Umejua tangu lini?"

"Tangu surua ya Mwidani, mama."

"Miaka kumi na mitano!" Kikongwe akafunika uso kwa leso. "Na jana nikakuita mchoyo. Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama, na wewe uliuza minazi yote?"

Bi Mwanatatu alikaa muda mrefu ndani ya leso yake, mabega yakitikisika, Dhahabu akajua analia, akasogea amshike. Alipomfunua akakuta si kilio. Au kilikuwa kilio kilichoanza kugeuka.

"Na mie nikwambie," akasema, akijifuta macho. "Lile godoro la sufi aliloleta mamako siku ya harusi, nikapewa mimi kwa heshima..."

"Enhe?"

"Ni makumvi. Makumvi ya nazi matupu, juu kapaka sufi vidole viwili. Mgongo wangu walala juu yake mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Astaghafirullah! Mama! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje," akasema Bi Mwanatatu, "na mamako alilibeba kichwani kutoka Tiwi?"

Hapo wote wawili walishindwa. Walicheka mpaka Dhahabu akateleza kwenye mkeka, mpaka kikongwe akaomba apigwe mgongoni, ule ule wa makumvi. Faki akatoa kichwa jikoni, majivu mpaka kwenye nyusi.

"Mwacheka nini?"

"Puliza moto!" wakamjibu kwa pamoja.

*

Asubuhi hapakuwa na ndoo hata moja kisimani. Dhahabu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita bwana afya, akasimama kando ameinamisha kichwa wakati unga mweupe ukitiwa, na bwana afya, kwa ustaarabu wake, hakumkumbusha kitu. Kadzo na wenzake walikuwa milangoni kwao, wameshika viuno, wanatazama.

Kisha ukasikika mlio uani, mlio mzito wa chuma kugongana na chuma, polepole, hatua kwa hatua. Bi Mwanatatu alikuwa akija na ndoo, yeye ambaye hakuwa ameteka maji kwa miaka kumi, na kwenye miguu yake myembamba mafurungu yalikuwa yakipanda na kushuka. Alikuwa ameyasugua kwa ndimu na majivu mpaka yakang'aa, na rangi iliyong'aa haikuwa nyeupe ya fedha. Alilivuta lile gunia akalitupa upande wa Kadzo.

"Kisima cha mwanangu hiki," akasema kwa sauti ya mtaa mzima. "Kimetiwa dawa, na maji yake twayachemsha. Mie ndimi wa kwanza kuteka. Atakaye na aje, asiyetaka akanywe chumvi."

Dhahabu alikuja mbio kumpokea ndoo, kikongwe akakataa kuitoa.

"Bi Mwanatatu," Kadzo akaita kutoka mlangoni kwake, macho yakiwa miguuni mwa kikongwe. "Hebu tuambie na sisi. Hayo ni fedha, au ni shaba?"

Bi Mwanatatu aliteremsha ndoo mpaka ikagusa maji.

"Hii ni minazi," akasema. "Kumi na miwili. Njoo uihesabu."